Mita thelathini ni pikseli ngapi?

Kwa muda sasa nimekuwa nikiulizwa swali lile lile na watu wanaotumia ParaView: "Nikiandika skripti ya kutoa picha, inatoka na ukubwa usioeleweka. Leo kubwa, kesho ndogo. Nifanyeje?" Jibu fupi ni mstari mmoja tu, uko hapo chini, wenye haraka wauchukue waende zao. Jibu refu nililipata Huruma kwenye kikao cha wakazi, na hilo ndilo lililonikalisha hapa leo.

Kwa wasioifahamu, ParaView ni programu ya bure ya kuchora data za kisayansi. Kazi yake ilianza mwaka 2000 kwa ushirikiano wa kampuni ya Kitware na maabara ya Los Alamos huko Marekani, na ndani yake inatumia maktaba ya VTK. Wenzetu wengi huitumia kuchora upepo unavyopita kwenye bawa la ndege. Sisi wa Eastlands tuna shida nyingine. Mimi huitumia kuchora maji.

Mnakumbuka mvua za 2024. Aprili mwaka huo Mto Mathare ulifurika usiku na watu wakafa. Mei serikali ikaamuru watu waondoke kwenye ukanda wa mita 30 kutoka ukingo wa mto, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Tangu hapo mwenye nyumba yeyote wa upande ule ana swali moja kichwani: mimi niko ndani ya mita 30 au niko nje? Si swali la kisomi hilo. Ni swali la mabati, mbao na kitanda.

Basi nikaitwa na kamati ya wakazi kwa sababu "wewe ni mtu wa kompyuta" (ukishakuwa mtu wa kompyuta mtaani, wewe pia ni fundi wa redio, wa simu na wa printa). Walikuwa na karatasi iliyobandikwa ukutani, ramani ya mto na ukanda wake wa rangi nyekundu. Pembeni imeandikwa 1:5000. Mama mwenyekiti alikuwa amechukua rula kwenye seti ya hesabu ya mtoto wake, akapima kutoka ukingo wa mto hadi mlango wake.

"Kijana, hebu soma hapa."

"Milimita tano na kitu, Mama. Kama tano nukta nne."

"Mara elfu tano?"

"Mita ishirini na saba."

"Sasa mimi nimepima na tepi ya fundi, mara mbili, na huyu jirani ameshika ile ncha ingine. Mita thelathini na nane. Nyumba yangu ilisogea mtoni lini?"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha wasiwasi. Nikaomba nione faili yenyewe. Aliyeichora alikuwa mtaalamu na kazi yake ilikuwa safi kabisa: picha iliandaliwa kwa karatasi ya A3. Kwa A3, 1:5000 ilikuwa kweli tupu. Mita 38 zingekuwa milimita 7.6 kwenye karatasi. Ila mtu fulani njiani aliona A3 ni ghali, akaipitisha kwenye fotokopi ikawa A4. Kutoka A3 kwenda A4 kila urefu unazidishwa kwa 0.707, kwa hivyo 7.6 ikawa 5.4. Ramani ilishakuwa karibu 1:7070 na maandishi ya 1:5000 yakabaki pale pale yakidanganya kwa herufi nzuri.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la "picha yangu itoke na ukubwa gani" huwa linaulizwa kinyumenyume. Watu huanza na dirisha la programu: dirisha langu lina pikseli 1200 kwa 800, nizidishe mara ngapi ipendeze? Anza na ardhi. Halafu karatasi. Pikseli zije mwisho, zenyewe zitatoka kwenye hesabu.

ParaView inakubali hesabu hiyo vizuri, mradi ujue kitu kimoja. Kwa kawaida kamera yake inaona kama jicho la mtu: kilicho karibu ni kikubwa, cha mbali ni kidogo. Kwa ramani hiyo haifai, maana mita 30 za juu kilimani na mita 30 za bondeni hazitalingana kwenye picha. Lazima uiambie itumie mwonekano sambamba. Ukishafanya hivyo, kuna namba inaitwa CameraParallelScale, nayo ni nusu ya kimo cha picha kwa vipimo vya data yako. Nusu, sio kimo chote. Data ikiwa kwa mita, basi mita kwa pikseli ni mara mbili ya namba hiyo ukigawanya kwa kimo cha picha kwa pikseli. Hakuna uchawi mwingine.

(Data iwe kwa mita kweli. Kama bado iko kwa digrii za longitudo na latitudo, igeuze kwanza. Kwa Nairobi mimi hutumia UTM ukanda wa 37 kusini.)

A3 iliyolala ni milimita 420 kwa 297. Kwa 1:5000 inabeba mita 2100 kwa 1485 za ardhi. Nusu ya 1485 ni 742.5. Kwa nukta 300 kwa inchi unapata pikseli 4961 kwa 3508. Skripti ndiyo hii:

from paraview.simple import *

kipimo = 5000
upana, kimo = 420, 297
nukta = 300
px = round(upana / 25.4 * nukta)
py = round(kimo / 25.4 * nukta)

v = GetActiveViewOrCreate('RenderView')
v.ViewSize = [px // 4, py // 4]
v.CameraPosition = [x, y, 10000]
v.CameraFocalPoint = [x, y, 0]
v.CameraViewUp = [0, 1, 0]
v.CameraParallelProjection = 1
v.CameraParallelScale = kimo / 1000 * kipimo / 2

SaveScreenshot('huruma.png', v, ImageResolution=[px, py])

Hizo x na y ni katikati ya eneo lako. Ule mstari wa mwisho ndio jibu fupi nililoahidi. Usipoandika ImageResolution, ParaView inachukua ukubwa wa dirisha lilivyo wakati huo, na ndiyo maana picha ya leo na ya jana hazilingani: jana ulikuwa umefungua paneli ya pembeni, leo umeifunga. Wazee wa matoleo ya zamani mtakumbuka tulikuwa na kuzidisha tu, mara mbili, mara tatu, basi. Ukitaka 4961 kamili unahangaika na dirisha kama mtu anayepima unga kwa jicho. Mimi siku hizi naendesha skripti kwa pvbatch bila kufungua dirisha lolote, picha inatoka sawa kwa laptop yangu ya skrini ndogo na kwa mashine yoyote nitakayoazima.

Angalia kwamba uwiano wa ViewSize na wa ImageResolution ni ule ule. Ukivibadilisha, kile ulichokiona kwenye skrini na kile kitakachohifadhiwa havitakuwa na mipaka sawa pembeni.

Sasa mita 30. Kwa hesabu hiyo pikseli moja ni mita 0.42, kwa hivyo ukanda wote ni pikseli 71, au milimita 6 kwenye karatasi. Kwa dirisha la kimo cha pikseli 600 ungekuwa pikseli 12. Mlango wa mtu unaweza kupotea kwenye pikseli 12. Na tafadhali ukanda usiuchore kama mstari mnene. Unene wa mstari huhesabiwa kwa pikseli, kila ukibadilisha ukubwa wa picha mstari ule unameza ardhi nyingine. Uchore kama umbo, lenye kingo zake kwa mita.

Nikitoka hapo kuna jambo lililonisumbua zaidi ya fotokopi. Picha yangu ilikuwa na pikseli milioni 17. Ilionekana ya kuaminika sana! Lakini kimo cha ardhi tulichotumia kukadiria maji kilitoka kwenye SRTM, ile rada iliyorushwa na chombo cha Endeavour Februari 2000 kwa siku 11. Data yake ya kina zaidi kwa Afrika ilifunguliwa mwaka 2014, na hapa kwetu karibu na ikweta kila kisanduku kina upande wa mita 31 hivi. Fanya hesabu: karatasi yetu nzima ina visanduku 68 kwa 48. Kama 3,300. Pikseli milioni 17 zimekaa juu ya vipimo 3,300, kila kipimo kimetandazwa kwenye mraba wa pikseli 73 kwa 73. Na upana wa ukanda unaobomolewa haufiki kisanduku kimoja.

Ukiacha ParaView ilainishe rangi kutoka pointi hadi pointi, ukingo wa maji unatoka umepinda vizuri kabisa, unapita katikati ya nyumba kama umechorwa na mtu aliyesimama pale na gumboots. Hakusimama mtu. Kwa hivyo nikaibadilisha data iwe ya visanduku badala ya pointi, rangi moja kwa kila kisanduku. Picha ikawa mbaya, ya vigae vigae. Mzee mmoja wa kamati akasema inafanana na sakafu ya choo cha stendi. Nikamwambia mzee, ndivyo rada ilivyoona, na hakuna printa itakayoona zaidi ya hapo. Maji niliyaacha ya vigae. Ukingo wa mto na vichochoro nikavichora kwa mistari ya OpenStreetMap, ambayo vijana wa mitaani walianza kuichora Kibera mwaka 2009 chini ya Map Kibera, na baadaye kazi hiyo ikafika Mathare.

Maandishi ya 1:5000 nikayatoa kabisa. Badala yake nikachora ndani ya picha mstari mmoja ulioandikwa "mita 30", kama umbo kwa vipimo vya ardhi, sio maandishi ya pembeni. Mstari huo ukipunguzwa kwa fotokopi unapungua pamoja na mto. Hata WhatsApp ikiifinya picha, na itaifinya, bado unaweza kuweka ukucha wako juu ya mstari, ukauhamisha hadi mlangoni, ukahesabu. Mama mwenyekiti aliupima kwa kipande cha uzi, akakiweka kutoka ukingoni kuelekea kwake, uzi ukaishia kabla ya mlango. Akakifunga kwenye kona ya ramani ili wengine wakitumie.

Duka la kuchapisha nalo lina mtego wake: printa nyingi zimepangwa kutosheza picha kwenye karatasi na kuacha pembe nyeupe. Mwambie kijana wa duka achape kwa asilimia 100, na uende na rula. Kama mstari wa mita 30 haufiki milimita 6, mrudishie kabla hujalipa.

Karatasi zimebaki tatu kufika Korogocho. Zote zinatoka kwenye skripti moja, nabadilisha x tu, mita 2100 kila mara, ili zikibandikwa pamoja ukutani mto usikatike kwenye maungio.