Jembe Lisitumalizie Mgongo

Ndugu zangu Waislamu, nilipokuwa chuoni Dar es Salaam niliwahi kuwatazama wacheza gofu wa Lugalo wakifundishwa kuzungusha fimbo. Mpigo mmoja waliurudia asubuhi nzima. Sisi wa Tandahimba huinua jembe kutwa, msimu baada ya msimu, wala hatufundishwi. Nimelitafakari hilo tangu nilipopokea palizi ya mikorosho ya baba yangu. Mgongo wake haumruhusu tena kurukuu, huswali kitini.

Kanuni kuu ya fimbo na ya jembe ni moja. Nguvu huanzia miguuni, hupita kiunoni na mabegani, ndipo ifike mikononi. Basi tanua miguu, mmoja utangulie, na ukunje magoti. Inua jembe hadi kifuani tu, kisha acha uzito wake ulishushe. Mpini uwe mrefu, kwani mfupi humwinamisha mtu kutwa. Jembe linolewe kwa tupa, maana lililo butu hudai nguvu maradufu. Ukimaliza mkorosho mmoja, badili mkono wa mbele ili upande mmoja usibebeshwe kazi yote.

Siku moja baba, akiwa kivulini, aliniuliza, “Mwanangu, mbona huchoki?” Nikamweleza. Alinyamaza kitambo kirefu, akiutazama mpini wake wa zamani, mfupi, uliolainishwa na viganja vyake. Kisha akaniagiza nimchongee mdogo wangu mpini mrefu, kabla hajaanza kulima.