Fayawoli Inayojiwasha Yenyewe

Leo tutoke kidogo jikoni na kwenye vitambaa, tuzungumze kompyuta, maana jambo hili limetushughulisha wiki nzima na tunajua hatuko peke yetu.

Kikundi chetu cha hisa kina laptopu mbili. Moja imehifadhi daftari la wanachama wote, nani kaweka kiasi gani na nani anadaiwa. Ya pili imeunganishwa na printa. Jumamosi ilikuwa siku ya kugawana, na kwetu kila mwanachama hupewa karatasi yake mkononi kabla fedha hazijahesabiwa. Laptopu ya printa haikuliona daftari. Kijana anayetusaidia akaizima fayawoli, yaani yule mlinzi wa Windows anayeamua nini kiingie kutoka kwenye mtandao, na daftari likaonekana. Asubuhi yake fayawoli inawaka palepale. Akazima, ikarudi. Mweka hazina wetu akamuuliza, "Mwanangu, hiyo ina jini?"

Haina jini. Windows ina swichi ya fayawoli kwa kila aina ya mtandao: wa ofisi kubwa, ule unaouamini ulioandikwa Private, na wa mahali pa watu wote ulioandikwa Public. Ukizima moja, nyingine zinabaki zinawaka. Na sisi tunao umeme wetu tunaoujua! Ukikatika, rauta inazimika na laptopu zinahamia intaneti ya simu ya mweka hazina. Kwa Windows huo ni mtandao mwingine kabisa, imeuweka Public, na swichi yake haikuguswa hata siku moja.

Kwako sababu inaweza kuwa nyingine. Antivairasi yenye fayawoli yake ikiondolewa, ile ya Windows hurudi kazini. Na kama kompyuta ni ya ofisi na inasimamiwa kutoka huko, amri huletwa upya kila baada ya dakika 90 hivi. Hapo usishindane nayo, mwone mtu wa kompyuta wa ofisini.

Kuna waliotushauri tuizime kote, hata huduma yake tuiue. Tulikataa. Daftari lile lina majina na madeni ya watu, ni amana. Aya ya 27 ya Sura An-Nur imetukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimia wenyewe. Sasa tuache nyumba ya wenzetu isiyo na wa kupigiwa hodi? Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea kompyuta hadi kompyuta kwa njia hiihii ya kugawana mafaili, kikavuruga hata hospitali za Uingereza.

Tulichofanya ni hiki. Kwenye laptopu yenye daftari tuliufungua mtandao wa rauta tukauchagua Private, kisha tukaunganisha simu ya mweka hazina tukafanya vilevile. Tukaingia kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa kupita fayawoli, tukaruhusu kugawana mafaili na printa kwa Private tu, Public tukaiacha tupu. Folda tukaitilia nywila. Halafu fayawoli tukaiwasha kote. Mtandao wa hotelini au wa bandarini usiuite Private hata kama unaupenda.

Ijumaa baada ya Alasiri tuliichomoa rauta makusudi, laptopu zikahamia simu, tukachapisha karatasi moja. Ikatoka. Tukaichomeka rauta, tukachapisha ya pili. Mweka hazina akataka zote 32 zitoke usiku uleule, ndipo alale.