Nusu Eka ya Baba

Mwaka huu TP ilinipeleka Geita. Mimi ni mtoto wa Shinyanga, kwetu ni pamba na mtama, nikajua nakwenda kwa wageni wa dhahabu. Kumbe darasani wengi walikuwa na babu huko huko kwetu. Wazazi wao walikuja kutafuta maisha kwenye maduara, wakabaki.

Nilipangiwa Kidato cha Pili, mada ya milinganyo ya kipeo cha pili, ile njia fupi ya kutumia kipeuo. Andalio la somo lilikuwa safi. Nikaandika ubaoni x² = 49. Saba mara saba ni 49, lakini hasi saba mara hasi saba nayo ni 49, kwa hiyo majibu ni mawili: 7 na −7. Halafu (x − 3)² = 25. Hapo x − 3 ni 5 au −5, basi x ni 8 au −2. Wakanakili. Kimya.

Nilikuwa nafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, na kimya kile nakijua, nilikaa nacho mwenyewe nikiwa kidato hicho hicho. Nikachungulia mlangoni, nikaona hakuna mtu, nikasema kwa Kiswahili: "Jamani, hiki ni kipeuo cha pili, kile cha shule ya msingi." Darasa zima: "Aaaah!"

Nikapata nguvu, nikawapa mfano wa nyumbani. Eka moja ni hatua 70 kwa 70, hilo kila mkulima analijua. Kwa hiyo x² = 4,900, na x ni 70 au −70. Hakuna anayetembea hatua hasi, tunabaki na 70. Na wazee hawakubahatisha: eka ni kama mita za mraba 4,047, kipeuo chake ni mita 63.6 hivi. Gawa kwa 70, unapata sentimita 91, hatua ndefu ya mtu mzima.

Kijana mmoja wa nyuma, ambaye siku nyingine haonekani kwa sababu ya vibarua kwenye karasha, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo nusu eka ni 35 kwa 35?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Sitanii. Ila chaki ilikuwa mkononi, nikazidisha kwanza: 35 mara 35 ni 1,225. Nusu ya 4,900 ni 2,450. Ile 1,225 ni robo.

Nikaganda pale ubaoni. Baba yangu amekodi "nusu eka" kwa jirani misimu mitatu, na aliyehesabu hatua ni mimi. Nilikuwa likizo ya mwaka wa kwanza, nimetoka kufaulu hesabu bila hata supu moja. Nikatembea 35, nikageuka, nikatembea 35 nyingine, baba akachomeka vijiti. Tukalipa bei ya nusu eka. Msimu wa kwanza mama aliuliza mbona mbegu zimebaki nyingi, baba akasema labda tumepanda kwa nafasi kubwa. Mimi nilikuwepo. Nikanyamaza, maana sikuona tatizo.

"Mwalimu, nimekosea?"

"Umekosea, lakini mimi nilikutangulia." Nikawasimulia. Walicheka mpaka darasa la pili wakachungulia. Kisha tukatafuta wote x² = 2,450. Yule kijana ndiye aliyeona kwamba 50 mara 50 ni 2,500, imezidi kidogo, na 49 mara 49 ni 2,401, imepungua. Tukafika 49.5 hivi.

Jioni nikampigia baba. Shikamoo, habari za mvua, halafu nikasema. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha.

"Mwenye shamba naye hakujua," akasema. "Angejua asingekubali kupokea."

"Ndiyo baba. Ilitakiwa 49 na nusu kila upande."

"Sasa hiyo nusu hatua naikanyagaje? Tutapima 70 kwa 35. Si ndiyo eka ukiikata katikati?"

Ndiyo yenyewe. Nilikuwa nimekazana na kipeuo, yeye akaona mstatili.

Wenzangu wa elimu, nimeifanyia mada hii mitihani isiyopungua minne, na zote nilikumbuka kuandika ile hasi. Shambani, ambako jibu lilikuwa na hela ya baba ndani yake, nilisahau hata kuzidisha. Siku hizi swali la nusu eka ndilo nafungulia somo, kabla ya x yoyote, na darasa karibu lote hujibu 35.

Baba anasema atazungumza na jirani baada ya mavuno, kwa upole, maana ni watu wa kuzikana. Robo kwa misimu mitatu ni robo tatu za eka. Hiyo nimeipigia hesabu mara mbili.