Mlima Kitonga na Gari Lenye Njaa

Ndugu msomaji, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa ina urefu upatao kilometa 500, na dereva aliyeipita hata mara moja hawezi kusema kwamba haijui tabia ya gari lake. Kutoka Chalinze hadi Morogoro nchi ni ya wastani, na hata gari gonjwa huweza kujifanya zima. Baada ya Mikumi milima huanza kusogea karibu, na ukishavuka Ruaha Mbuyuni unakutana na mwalimu asiyekubali uongo. Huyo ni Mlima Kitonga.

Barabara hii imekuwa njia ya mafuta tangu zamani. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwezi Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta yake, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia njia hii ilipokuwa bado ya vumbi na matope. Ajali zilikuwa nyingi hata ikaitwa Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na lami ikaja katika miaka ile ile na iliyofuata. Hata hivyo lami haikuushusha mlima. Upande mmoja wa Kitonga ni mwamba, upande wa pili ni korongo, na katikati malori mazito hupishana kwenye kona kali. Gari linaloishiwa nguvu mahali hapo huwa hatari kwa wote walio nyuma yake.

Mwezi Julai mwaka uliopita nilisafiri katika barabara hii pamoja na jirani yangu, mstaafu wa kiwandani, aliyekuwa akimpeleka binti yake kuanza kidato cha tano Iringa. Gari lake ni Land Rover 109 ya dizeli, la miaka ya 1970, alilolinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake baada ya gari hilo kukaa chini ya mwembe karibu miaka miwili. Likiwa jipya, gari la aina hiyo lina nguvu za farasi 62 tu, kwa hiyo hakuna anayelitarajia lishindane na mabasi. Lakini hata nguvu hizo chache zilikuwa zimepotea. Fundi mmoja wa mjini alikwisha kutoa hukumu kwamba pampu ya nozeli imekufa na sharti inunuliwe nyingine. Bei aliyoitaja ingemeza fedha zote za godoro, sare na matumizi ya binti. Jirani yangu akaamua kusafiri polepole, na la pampu aliache hadi atakaporudi.

Tulipita Morogoro salama. Kwenye vilima vya kuelekea Mikumi gari likaanza kulegea, na mwendo ukashuka kutoka kilometa 70 kwa saa hadi 40, ijapokuwa dereva alikanyaga mafuta hadi mwisho. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, mwendo wa polepole haukutuumiza, kwani huko ni sheria, na twiga waliokuwa kando ya barabara walimfurahisha binti. Mikumi mjini tulisimama kunywa chai. Tulipoondoka, ajabu, gari lilivuta vizuri. Baada ya nusu saa ya kupanda na kushuka likalegea tena.

"Baba," akasema binti, "mbona likipumzika linapona? Kama ni uzee, lisingepona kwa muda wa kunywa chai."

Neno hilo lilikuwa na uzito kuliko hukumu ya yule fundi. Pampu iliyochakaa au ringi zilizolika hulidhoofisha gari wakati wote, asubuhi na jioni, tambarare na mlimani. Gari linalochoka likivuta mzigo, kisha likapata nafuu likipumzika, aghalabu lina njaa: mafuta yanafika kidogo kidogo, hayatoshi kwa kazi nzito.

Ruaha Mbuyuni ni bonde la joto, lenye mibuyu mikubwa na mafungu ya vitunguu kando ya barabara. Hapo tulimkuta mzee mmoja, dereva wa lori, akipumzisha injini yake kabla ya mlima. Jirani yangu alimweleza shida yetu. Mzee yule hakuuliza habari za pampu. Aliuliza moshi una rangi gani.

Swali hilo ni la hekima, na linafaa kuelezwa. Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliikamilisha huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ipate joto kali, na mafuta yanaponyunyizwa humo huwaka yenyewe. Katika injini ya gari letu hewa hubanwa hadi iwe sehemu moja ya 23 ya ujazo wake. Kwa hiyo nguvu hutokana na mambo matatu: hewa, mafuta, na mbano ulio mzuri. Moshi mweusi mwingi huonyesha kwamba mafuta yamezidi hewa, na chujio la hewa huwa la kwanza kushukiwa. Moshi mweupe, injini ikiwa imekwisha kupata moto, huonyesha mafuta yasiyoungua, pengine kwa sababu ya majira mabaya ya pampu au mbano hafifu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Gari letu lilipokuwa likihangaika halikutoa moshi wowote wa maana.

"Basi halikosi hewa, mzee mwenzangu," akasema yule dereva. "Linakosa chakula. Na usipande Kitonga hivyo ukiwa na mtoto."

Tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukaanza na yale yasiyogharimu hata senti. Binti alikanyaga mafuta huku baba yake akitazama kama mkono wa pampu unafika mwisho, nao ulifika. Tuligusa vitovu vya magurudumu kuona kama kuna breki inayokaba, tukakuta vyote vimepoa. Tulilegeza kifuniko cha tangi ili hewa iingie bila kizuizi, tukajaribu gari, hali ikawa ile ile. Kisha tukafungua chini ya chujio la mafuta. Yalitoka maji, na nyuma yake uchafu mweusi mfano wa masizi yaliyolowa.

Jaribio lililofuata ndilo lililokata shauri. Mzee alichomoa mpira unaoleta dizeli kutoka kwenye tangi, akaunganisha mwingine uliotumbukizwa katika dumu la lita tano lenye dizeli safi, akaweka chujio jipya lililonunuliwa duka la jirani. Gari likapelekwa kwenye kilima kilicho karibu, likavuta bila kulegea, likarudi na kuvuta tena. Kumbe pampu iliyoshitakiwa mjini haikuwa na hatia.

Kizuizi kilikuwa ndani ya tangi. Gari linapokaa muda mrefu, unyevu wa hewa hugeuka maji na kutuama chini ya dizeli, na katika mpaka wa maji na mafuta huota vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi. Utelezi huo ulikuwa ukivutwa hadi kwenye mdomo wa bomba na kuuziba. Gari likisimama, ulijiachia na kuzama, na hiyo ndiyo siri ya kupona kwa muda wa chai. Tulipuliza bomba kuelekea tangini kwa pampu ya matairi hadi tukasikia mapovu, kisha tukafungua nati ya chini ya tangi na kukinga tope kwa ndoo, tusije tukalimwaga kwenye ardhi ya watu wanaolima vitunguu.

Ilibaki kutoa upepo, kwa maana dizeli yenye mapovu haifiki kwenye nozeli. Skrubu ya juu ya chujio ililegezwa, na pampu ndogo ikapigwa kwa mkono hadi mafuta yakatoka bila povu. Ikafuata skrubu ya pampu ya nozeli, mwisho nati za nozeli zenyewe huku injini ikizungushwa. Mzee alimwonya binti asisogeze mkono, maana dizeli itokayo kwenye nozeli kwa nguvu hupenya ngozi na kuingia mwilini.

Tulipanda Kitonga kwa gia ya pili, nyuma ya lori la saruji, mshale wa joto ukiwa mahali pake. Hakuna aliyezungumza hadi tulipouona mwisho wa kona. Ilula tulinunua nyanya, na jioni tukapanda kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini. Hapo gari lilionyesha uvivu kidogo, lakini huo haukuwa ugonjwa. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Anayekaza skrubu ya pampu ili kuongeza mafuta kwa sababu hiyo hununua moshi mweusi na joto la bure.

Ndugu msomaji mwenye gari kuukuu la dizeli, usikubali kununua pampu kabla hujaulizwa rangi ya moshi, na kabla njia ya mafuta haijafuatwa kutoka tangini hadi kwenye nozeli. Mwaga maji ya chujio mara kwa mara, wala usiliache tangi nusu tupu gari likikaa. Anza na kisichogharimu, kisha cha bei ndogo, na kile kikubwa kiwe cha mwisho. Gharama yetu yote ilikuwa chujio moja na dizeli ya dumu. Kesho yake asubuhi, sokoni Iringa, binti alichagua godoro lake mwenyewe.