Taa Nane za Kijani

Ufundi wa mtandao niliuingia kwa mlango wa uani. Mwaka 2003 nilikuwa mhudumu wa intaneti kafe moja pale Kariakoo, kazi yangu kuuza dakika na kuwainua waliopitiliza muda. Kompyuta kumi na mbili zilikuwa zinanyonya mkondo mmoja wa satelaiti. Satelaiti yenyewe ilikaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo ukibofya tu, ombi lako lipande mpaka huko, lishuke ng'ambo, na jibu lipande tena ndipo likushukie. Nusu sekunde na ushei ilikwisha njiani, na bado mnagombea mkondo watu kumi na wawili. Wateja walizoea. Mtu anafungua barua pepe, anatoka kununua muhogo wa kukaanga, anarudi, ukurasa ndio kwanza unatokeza kichwa.

Fundi aliyefunga nyaya za pale alinipenda kwa sababu sikuogopa kupanda darini. Akanifundisha kubana vichwa: menya ganda, nyoosha nyaya nane, zipange, kata ncha ziwe sawa, sukuma mpaka mwisho, bana kwa koleo.

"Zipange kwa undugu, dogo," alikuwa akisema. "Kila nyeupe na nduguye. Machungwa, kijani, bluu, kahawia. Huku na huku sawasawa."

Kisha anachomeka kipima waya, kile kijisanduku chenye taa nane. Moja, mbili, tatu, hadi nane, zote kijani. "Zikiwaka zote, chukua hela yako."

Nikachukua hela kwa miaka. Maofisini, madukani, majumbani kwa wenye uwezo wa kuwa na kompyuta. Kila kichwa nilichobana nilikizungushia tepu nyekundu ya umeme shingoni, kwa madaha tu ya ujana, mtu ajue kazi ni ya nani.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi, Dar es Salaam ikaungwa na dunia kwa njia ya baharini, na mwaka uliofuata EASSy nayo ikafuata. Mambo hayakubadilika siku moja, lakini yalibadilika. Na hapo ndipo simu zangu zilipoanza kulia mfululizo, maana mtu aliyelipia kasi hutaka kuiona.

Nimekuta mengi. Kule Msasani na Upanga chumvi ya bahari inakula miguu ya shaba ndani ya kichwa mpaka inaota ukungu wa kijani; unachomoa, unachomeka, inapona wiki moja, inarudi kuumwa. Kilimi cha plastiki kikivunjika, kichwa kinacheza kwenye tundu na mtandao unakatika kila feni ikielekea upande huo. Magurudumu ya kiti. Panya. Siku hizi kuna waya wa bei poa sokoni, alumini iliyopakwa shaba juu juu. Ukwangue kwa wembe, ukiona weupe ndani, mrudishie mwenye duka. Na mara nyingine waya hauna kosa lolote, ni kompyuta yenyewe imepangiwa kuzima kadi ya mtandao ili kubana umeme, nayo inatii.

Lakini nyumba ninayoikumbuka ni moja ya Magomeni.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mpiga picha za harusi. Alifanyia kazi zake kwenye chumba cha uani, kompyuta ya mezani, waya umetoka kwenye ruta sebuleni, ukapita darini, ukashuka kwake. Mwaka wa pili huo anagombana na kampuni ya intaneti. Walikuwa wamembadilishia ruta mara mbili. Yeye mwenyewe alikuwa amenunua kompyuta mpya.

"Barua inakwenda," aliniambia. "Albamu haiendi. Inafika nusu, inakaa. Hawa watu wananiibia, mwanangu."

Nikapiga pingi kwenye ruta. Pakiti kumi zimekwenda, kumi zimerudi, chini ya milisekunde moja. Mtu mwingine angeaga hapo. Nikaongeza uzito wa pakiti hadi baiti 1,400, nikatuma mia. Kumi na tisa hazikurudi. Nikabeba kompyuta yake mpaka sebuleni, nikaichomeka kwenye ruta kwa kipande cha waya cha mita moja: mia kwa mia, na albamu ikaondoka mzee akiitazama. Basi ubovu uko darini. Nikafunga kipima waya. Taa nane, zote kijani.

Nikarudi uani, nikageuza kichwa cha waya nikitazame vizuri kwa tochi ya simu. Shingoni kilikuwa na tepu nyekundu.

Nilikaa chini kwenye kigoda chake. Kufikia wakati huo nilishajua mpangilio sahihi, na nilijua kwa nini. Nyaya zile nane ni jozi nne, kila jozi imesokotwa ili kelele ikiingia iwapate wote wawili sawasawa, kisha ifutike. Mtandao wa megabiti 100 hutuma kwa namba 1 na 2, hupokea kwa namba 3 na 6. Kwa hiyo 3 na 6 lazima wawe jozi moja, kijani wakiwapakata bluu katikati. Kwa "undugu" wetu, 3 alikuwa nyeupe ya kijani na 6 alikuwa bluu, kila mmoja kasokotwa na mwenza mwingine. Kipima waya hakijui hayo. Kinauliza tu kama namba 3 amefika namba 3. Hakiulizi njiani alilala na nani. Na zama za satelaiti, kwa matone yale, hakuna aliyeweza kugundua.

"Mzee," nikasema, "waya huu niliufunga mimi."

Akanitazama kwa muda. "Wewe ndiye yule kijana mwembamba?"

"Ndiye mimi."

"Na hawa wa kampuni niliowatukana?"

Sikuwa na jibu. Nikabana vichwa viwili vipya, nikakataa malipo, naye akakataa kukataliwa; alinipa nusu, akanipiga picha nimeshika vile vichwa vya zamani.

Usiku ule nikampigia fundi aliyenifundisha. Siku hizi anauza magodoro Mbagala. Nikamweleza yote, jozi, kelele, 3 na 6, na nyumba nyingine tulizopitia pamoja ambazo huenda bado zina waya wetu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Lakini dogo," akasema, "taa si zilikuwa zinawaka zote?"