Uko na Mtu?

Mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Kenya akianza kutafuta nafasi ya mafunzo ya nyanjani, watu hawamuulizi sana anasomea nini. Wanamuuliza, "Uko na mtu huko?" Mtu huyo anaweza kuwa mjomba aliye afisi ya wafanyakazi, diwani mliyetoka naye kijiji kimoja, au hata mlinzi wa getini. Ukijibu kwamba huna, unaangaliwa kwa huruma, kama aliyetoka bila mwavuli na mawingu ameyaona.

Mimi sikuwa na mtu. Kwetu ni wakulima, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya vitabu, kule nilikotaka kwenda. Mwaka wa tatu nilitembeza barua katikati ya Nairobi hadi soli zikaisha. Katika afisi moja, karani aliipokea bahasha yangu, akaitupia kwenye kasha lililojaa bahasha nyingine, akasema, "Tutakupigia." Simu yenyewe bado naingoja.

Ushauri wa makomredi ulikuwa mmoja: tafuta mkubwa, umgande. Ndiyo maana mgeni akija kutoa mhadhara, akimaliza tu anazingirwa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni, kila mtu simu mkononi, anaomba namba. Mgeni huenda zake na majina arobaini asiyokumbuka hata moja.

Kilichonipa wazo jingine ni kisa cha Makerere, Juni 1962. Waandishi wa Kiafrika waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza walikutana pale. Ngũgĩ wa Thiong'o, enzi hizo akiitwa James Ngugi, alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Cheo hakuwa nacho. Alikuwa na hadithi fupi mbili zilizochapishwa, moja katika Penpoint, jarida la pale chuoni, na nyingine katika Transition. Alikuwa pia na mswada wa riwaya. Akampa Chinua Achebe ausome. Achebe akausoma, akaupendekeza kwa wachapishaji, na mwaka 1964 Heinemann wakaitoa Weep Not, Child.

Wengi tukisimulia kisa hiki tunamtazama Achebe. Mimi namtazama pia yule aliyekuwa akipanga kurasa za Penpoint. Hadithi zile mbili ndizo zilizompa Ngũgĩ nafasi ya kuketi mkutanoni. Walioanza kumsoma walikuwa watu wa chuoni kwake, wa kukutana naye kila siku. Achebe alikuja akakuta kazi ipo.

Kwa hivyo sisi wanne wa darasa moja tukaanza kukutana Jumamosi katika chumba cha bweni. Chai ya rangi, mandazi, na kila mtu kurasa mbili. Tulikosoana bila huruma. Kuna siku mmoja alinuna hadi chai ikapoa. Baadaye huyo huyo akapata kibarua cha kusahihisha prufu. Walipohitaji mkono wa ziada, hawakumuuliza ana ndugu gani anayetafuta kazi. Walimuuliza nani anajua kusahihisha na hachelewi. Akanitaja mimi. Alikuwa ameiona kazi yangu ikiwa mbovu, akaiona ikinyooka, basi hakuwa akibahatisha.

Hapo ndipo ninapotenganisha kujuana na kujulikana. Katika kujuana, anayekuombea anajua unatoka wapi tu, na kiti unachopewa mara nyingi kina mwenyewe aliyekistahili, amebaki nje na barua yake. Katika kujulikana, mtu anaweka jina lake rehani kwa sababu amekuona ukifanya kazi.

Wakubwa nao nawaandikia, si kwamba nimewasusia. Ila simwombi mhariri nisiyemjua kazi. Namuuliza swali moja la dakika tano: kwa nini mlichagua neno hili na si lile? Akijibu, mwezi ukiisha namrudia kumwambia jibu lake limenifaa vipi. Wengi hunyamaza. Wawili walijibu, na bado tunaandikiana.

Lakini mkutano wa Makerere una upande mwingine. Shaaban Robert, gwiji wa lugha hii ninayoiandika, hakuwa na kiti pale, maana mkutano ulikuwa wa waandikao Kiingereza. Alifariki mwezi huo huo. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulisema jambo hilo miaka mingi baadaye. Mtandao wowote, hata wetu wa mandazi, una mlango na una ukuta. Ukishaingia, ni juu yako kuangalia nani amebaki upande wa pili.

Siku hizi tuko tisa. Juzi dada mmoja wa mwaka wa kwanza ameniandikia akiomba nimuunganishe na mhariri fulani. Nimemjibu: njoo Jumamosi, saa nne, na kurasa mbili. Mhariri tutamwendea pamoja.