Zaïko ya Papa na Zaïko yangu

Nyumbani kwetu Mangobo kuna kaseti ambayo hakuna mtoto anayeruhusiwa kuishika kabla ya kunawa mikono. Ni Nippon Banzai ya Zaïko Langa Langa, kazi ya 1986, mwaka ambao bendi ilikwenda kupiga Japani. Papa aliinunua Kinshasa alipokuwa fundi wa mashine kwenye boti, akapanda nayo mto hadi Kisangani. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye. Zaïko niliyoichagua mwenyewe ni ile ya Sève, albamu ya 2019, mwaka ambao bendi ilitimiza miaka hamsini.

Jioni moja nilimpigia Papa Sève kwa simu yangu. Alisikiliza nyimbo mbili, ya tatu akainua mkono.

"Hii haiko Zaïko," akasema. "Ni batoto banakula jina ya baba yabo."

Kwake yeye, Zaïko ilikufa 1988, pale Bimi Ombale na wenzake walipoondoka na kuanzisha Familia Dei. Kilichobaki kwa Jossart N'Yoka Longo, anasema, ni jina tu.

Nilimjibu kama mwanafunzi wa kitivo hiki. Nilimwambia kwamba tunafundishwa kutosema lugha imeoza. Lugha hubadilika, na kila hali yake ina mpango wake. Nikampa mifano ya bendi yenyewe. Ilipozaliwa Desemba 1969, jina lake lilitokana na Zaïre ya bankoko, yaani Zaïre ya mababu, wakati nchi ilikuwa bado haijaitwa Zaïre. Leo nchi imeliacha jina hilo, bendi inalo bado. Tena neno atalaku: ni mwito wa Kikongo wa kumwambia mtu atazame. Liliingia Zaïko mwanzoni mwa miaka ya 1980 pamoja na vijana waliokuwa wakipiga kelele za kuchangamsha dansi, likawa jina la kazi yao katika Lingala, na sasa hata sisi wa Kiswahili cha Kisangani tunalitumia. Bila shaka kuna mzee aliyesikia kelele zile za kwanza akasema muziki umekufa.

Papa alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Kwa hiyo hakuna wimbo mubaya?"

Sikuwa na jibu. Nililala nalo swali lile, na ndilo linalonifanya niandike. Tumezoea sana kuukataa uamuzi wa uzuri na ubaya, kwa kuwa umetumika kuwadharau wasemaji. Mimi mwenyewe nimechekwa kwa Kiswahili changu cha Mangobo, najua uchungu wake. Lakini lugha haina mtu mmoja aliyeketi akaitunga. Albamu ina watu walioketi studio wakachagua: hili libaki, hili liondoke. Aliyechagua anaweza kuulizwa. Nilikuwa nimechukua kanuni inayowalinda wasemaji, nikaifanya ukuta wa kuilinda albamu niipendayo isisikilizwe kwa makini.

Basi tukapatana, Papa na mimi, kusikiliza zote mbili tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo. Sharti hilo lilikuwa gumu kwake kuliko kwangu. Upande wa pili wa kaseti ulikuwa na sehemu ambayo kwa miaka yote amekuwa akiipitisha mbio. Nikaona kwamba Nippon Banzai anayoitetea si albamu nzima. Ni nyimbo zake bora, zilizochujwa na miaka karibu arobaini. Sève haijachujwa na mtu. Kuzipambanisha hivyo ni kama kupima mchele uliopepetwa na mpunga uliotoka shamba leo. Wapenzi wa roki huko Ulaya nao hufanya hivyo: The Rolling Stones, walioanza 1962, walipotoa Hackney Diamonds mwaka 2023, wengi waliipima kwa nyimbo za ujanani mwao, zile walizokwisha kuzichagua.

Hata baada ya kuondoa udanganyifu huo, Papa alikuwa na haki kwa jambo moja kubwa. Zaïko ilikuwa bendi ya vijana walioacha tarumbeta na saksafoni, wakaachia magitaa na ngoma kazi yote. Katika kaseti ile magitaa yanazungumza: moja linauliza, lingine linakatiza, la tatu linacheka. Sebene linapofika, unasikia lilivyotayarishwa. Katika Sève sauti ni safi zaidi, kila chombo kina nafasi yake, lakini mara nyingi magitaa yanangoja atalaku amalize kusema. Mazungumzo yamegeuka hotuba. Hilo si badiliko tu. Nalisikia kama hasara, na sina sababu ya kuliita jina zuri zaidi.

Lakini kuna jambo ambalo kaseti haina. N'Yoka Longo wa 2019 amepita miaka sitini. Sauti yake haikimbii tena. Inaweka neno chini, inalitazama, kisha inachukua lingine. Silabi za Lingala zinapata uzito ambao kijana wa 1986, mwenye pumzi nyingi, hakuhitaji kuutafuta. Nilimwomba Papa asikilize hilo tu, aache magitaa. Aliinamisha kichwa karibu na simu. Wimbo ulipokwisha hakusema Zaïko imefufuka. Alisema: "Ule muzee anajua gisi ya kuimba kama muzee."

Hukumu yangu, basi, ni hii: Nippon Banzai ni kazi bora ya bendi, na Sève ni kazi nzuri ya mwimbaji ndani ya bendi iliyopungua mazungumzo. Naandika "bora" bila kujificha nyuma ya somo langu. Somo limenisaidia kujua ninalinganisha nini na nini, halikunikataza kuchagua.

Usiku ule umeme ulikatika kabla hatujamaliza mzozo. Asubuhi nilipotaka kutoka kwenda masomoni, simu yangu haikuwa mezani. Ilikuwa chumbani kwa Papa, na ndani yake wimbo ulikuwa umesimama katikati.